Umekuja Wenyewe

Mtaani kwetu Katuba, ukitaka kuzika mtu wako bila ugomvi, ulimtafuta yeye. Kwetu Lubumbashi maiti haiendi makaburini mpaka mtu asimame mbele ya watu waliokuja kilioni na kueleza ugonjwa: ulianza namna gani, ukamshika wapi, alipelekwa hospitali ipi, nani alikuwa anamlisha, nani alikuwa naye alipokata roho. Upande wa baba wanasikiliza, upande wa mama wanasikiliza, na vijana waliokunywa tangu asubuhi wanasikiliza kuliko wote, maana wanangoja jina. Anayesimama kueleza tunamwita porte-parole. Wengi hufanya kazi hiyo mara moja, kwa sababu wamefiwa. Yeye aliifanya maisha yake yote, kwa watu wa kwao na kwa majirani. Hata Wakasai wa avenue ya pili, ambao hawakosi watu wa kusema, walikuwa wanakuja kumwazima. Mimi ni mtoto wa dada yake, lakini nitamwita Msemaji tu, kama kila mtu alivyomwita.

Niseme mapema kwamba ninaandika nikiwa na hasira. Nilingoja ipoe kwanza, haikupoa. Halafu nikaanza kujiuliza kama ni haki kumkasirikia mtu mgonjwa, na nikikaa na swali hilo muda mrefu nakuta hasira imeongezeka.

Kabla ya kusimama alikuwa anasukutua kinywa kwa maji na kuyatema nyuma ya hema. Alifunga vifungo vyote vya shati, hata katika joto la Oktoba, wakati mabati ya Katuba yanalia yenyewe. Kisha alianza kwa sauti ndogo sana. Watu wa nyuma walilazimika kunyamazishana, na walipomaliza kunyamazishana, yeye alikuwa amekwisha kuwashika. "Ukipiga kelele, nabo bapiga," aliniambia siku moja. "Ukinong'ona, banainama. Muntu mwenye ameinama hawezi kutupa jiwe."

Kilio kimoja nilikiona mwenyewe. Fundi wa cherehani alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa sukari, na wadogo zake walikuwa na hakika kwamba mjane ndiye aliyemla kwa uchawi. Mmoja alikuja na bidon, dumu zima la petroli, akaishika waziwazi kama mtu anayeshika mwavuli. Msemaji hakuitazama. Alianza kueleza kidonda cha mguu: kilivyokuwa kidole kimoja, kikawa viwili, rangi yake, harufu yake, bandeji ilivyokuwa inatoka na nini. Aliendelea bila haraka. Kijana mmoja alikwenda kutapika nyuma ya choo, na mwenye petroli akaiweka chini apate mkono wa kuziba pua. Ndipo Msemaji akasema maneno yake ya siku zote: "Ugonjwa huu haukutumwa. Umekuja wenyewe, kama mvua." Mama mmoja akaondoka na ile bidon kimyakimya. Tulizika, tukala bukari, ugali wetu, tukarudi nyumbani.

Ili kuelewa uzito wa maneno hayo lazima ujue kwamba katika mji wetu kila ugonjwa una mwenyewe. Kuna ugonjwa wa Mungu na kuna ugonjwa wa bantu, yaani wa watu. Ule wa bantu tunauita pia maladie ya famille, ugonjwa wa familia. Neno famille ni zuri harusini, lakini kilioni ni kisu. Ukisema marehemu amekufa na maladie ya famille, umesema kuna mtu wa nyumbani aliyemuuza, na kazi iliyobaki ni kumtafuta. Msemaji alikuwa fundi wa kurudisha kila kifo kwa Mungu.

Na neno lenyewe, famille, hakulitamka kamwe. Mimi ndiye mtu wa kuona vitu kama hivyo, kisha kukosa usingizi. Alisema "watu wa nyumba," alisema "sisi wote hapa," alisema "ukoo" kama Mtanzania wa redioni. Nilimuuliza sababu nilipokuwa mwaka wa pili wa sosholojia, nikidhani nimegundua kitu cha kuandikia mémoire yangu, tasnifu ya mwisho. Akacheka. "Licencié," akasema, jina la mwenye digrii, na kwa kuwa wakati huo sikuwa na digrii yoyote ilikuwa dhihaka tupu, "Kifaransa njo kazi yako. Mi nasema Kiswahili."

Alikuwa na mambo mawili yasiyokaa pamoja. Mbele ya watu alikuwa mpole kuliko maji. Nyumbani kwake alikuwa na amri juu ya kila neno. Mtoto akisema "kichwa inaniuma," alijibiwa: "Kichwa yako imechoka." Magonjwa ya watu wengine aliyajua mpaka usaha, ya kwao hayakuwa na hata jina. Yalikuwa na dawa moja, chumvi. Shingo za watu wa kwao zilikuwa na tabia ya kuvimba, na yeye alisema ni goitre, rovu la watu wa milimani wasio na chumvi nzuri. Basi alitia chumvi katika sombe, mboga ya majani ya mihogo, katika maharagwe, katika uji. Rafiki yake aliyefanya biashara Kasenga alimletea samaki wa mto Luapula waliokaushwa kwa chumvi, naye aliwagawa nyumba kwa nyumba, akisimama hapo mpaka aone umekula. Tulimpenda kwa ajili ya hilo. Nakumbuka harufu ya wale samaki mikononi mwa mama yangu.

Mama alikuwa dada yake mdogo. Nilikuwa katika masomo ya sekondari uvimbe ulipotokea shingoni mwake, kwanza upande mmoja, halafu na wa pili. Baadaye akaanza kuharisha, miezi na miezi, akakonda, na majirani wakaanza kunong'ona lile jina la ugonjwa ambalo watu hulinong'ona wakiona mtu amekonda hivyo. Msemaji alikuja kila siku na samaki. Alikuwa anamshika mkono, anamwimbia nyimbo za kanisa za utoto wao, nyimbo za kambi ya reli walikokulia. Sitaki kuandika kwamba hakumpenda. Siku ya kilio alisimama, akasukutua, akafunga vifungo. Alisema goitre. Alisema imekuja yenyewe, kama mvua. Hakuna aliyeinua mkono, na mimi nilijiona mwenye bahati kuwa na mjomba kama yule.

Miaka ilipita. Nilimaliza masomo, sikupata kazi, nikabaki mtu wa kutumwa na jamaa kila palipotakiwa Kifaransa cha karatasi. Halafu siku moja, katika kilio cha jirani, sauti ya Msemaji ilikatika katikati ya sentensi. Watu walidhani analia, wakalia naye. Lakini sauti haikurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata. Ilibaki kama upepo unaopita chini ya mlango. Alipokubali kufungua shati mbele ya daktari, uvimbe ulikuwa wazi.

Walimpasua. Walipeleka kipande kupimwa, na majibu yalipofika mimi ndiye niliyeingia naye, kwa ajili ya Kifaransa changu. Lakini daktari alikuwa mama kijana, wa umri wangu hivi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani, cha Kamalondo kabisa. Hakunihitaji.

"Papa," akasema, "iko kansa ya thyroïde, ile tezi ya shingo, lakini haiko ile ya kawaida. Banaiita carcinome médullaire. Iko rare, haionekanaka sana. Na iko namna mbili. Namna ya kwanza iko sporadique: inakuja yenyewe, kwa muntu mumoja, mara mingi akiwa mukubwa, mara mingi upande mumoja ya shingo. Batoto yake bako na amani. Namna ya pili iko héréditaire. Inatoka kwa mzazi, inapita mu damu. Mara mingi inashika pande zote mbili, na inaweza kuanza mapema. Kila mutoto ya muntu mwenye iko nayo, ni kama unatupa sarafu: upande huu ameichukua, upande ule hapana. Yako tumeikuta pande zote mbili. Sasa nauliza muzuri: kwenu kuko muntu mwingine mwenye alikuwa na shingo kama hii?"

Nilimgeukia nikiwa na hakika ya jibu. Mama yangu. Kaka yao mkubwa, ambaye sikumkuta lakini picha yake iko ukutani, na shingo yake katika picha ile ni nene kama ya mpiga ngumi. Babu, ambaye walisema alikufa akikosa pumzi.

Msemaji alinong'ona: "Hapana, docteur. Yangu imekuja yenyewe."

Kwa mara ya kwanza nilisikia maneno yake yakiwa na maana yake hasa. Sporadique. Maisha yake yote alikuwa anatamka jina la namna ya kwanza ya ugonjwa huu bila kujua, na alikuwa analitamka hata juu ya watu wa kwetu wenye namna ya pili.

Daktari hakumwamini. Alisema tena, taratibu, kwamba kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kansa hii hata kabla uvimbe haujatokea, na kipimo kingine, ambacho damu inasafirishwa mpaka ng'ambo, cha kujua kama ni ya kurithi. Mtoto aliyeirithi anaweza kuondolewa ile tezi mapema, akaishi. Na akasema neno moja la mwisho: ile ya kurithi pengine inafuatana na uvimbe katika tezi za juu ya figo. Mtu anaumwa kichwa ghafla, moyo unapiga mbio, anatoka jasho, presha inaruka. Asipojulikana, anaweza kufa akipasuliwa au akizaa.

Binti mkubwa wa Msemaji alikuwa na mimba. Wiki moja tu kabla ya siku hiyo alikuwa amekaa kwenye baraza, kanga imelowa jasho, anasema kichwa kinapiga kama mtu anatwanga sombe ndani. Baba yake alimjibu: "Kichwa yako imechoka."

Nilimshika Msemaji kwenye korido, kati ya watu waliolala juu ya mabenchi na sahani zao.

"Mujomba, juu ya nini umesema vile?"

"Vile nini?"

"Kwenu hakuna mwenye alikuwa na shingo? Na mama yangu? Na yaya yenu, ule kaka mukubwa? Na Babu?"

"Bale balikuwa na goitre. Chumvi njo ilikosa."

"Chumvi! Mama yangu alikula chumvi yako mpaka akafa!"

"Punguza sauti, Licencié. Hapa iko hospitali, haiko auditoire ya chuo."

Mama mmoja aliyekuwa anamlisha mgonjwa alisema kwa mdomo uliojaa, "Mumuache muzee apumuzike, kijana, hata aibu hauna?" Nikamjibu vibaya, sikumbuki nilisema nini. Msemaji akanivuta nje, mpaka ukutani penye jua, na huko akaniambia, kwa ile sauti ya chini ya mlango, nikiwa nimeinama kama wale watu wote aliowainamisha.

Kaka yao mkubwa alikuwa mfanyakazi wa mgodini. Daktari wa kampuni ndiye aliyemtibu, akamfungua shingo, akakuta vilevile, pande zote mbili. Alipokufa, daktari akamwita mdogo wake aliyekuwa na Kifaransa cha shule, ndiye Msemaji, bado kijana, akamwambia: c'est une maladie familiale, yaani ni ugonjwa unaopita katika familia, angalieni watoto. Kilio kilikuwa siku hiyohiyo, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeongea na daktari, wazee wakamsimamisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Nikatafsiri," akasema. "Nilisema: docteur anasema iko maladie ya famille. Sikumaliza. 'Angalieni batoto' ilibakia mu kinywa. Banyama bale balikuwa banangoja tu ile neno."

Vijana walikwenda kwa Tantine, shangazi yao. Ni dada yake Babu, mjane, hakuwahi kuzaa, na ndiye aliyekuwa akimpikia mgonjwa uji. Walimtoa nje kwa nywele. Walivua mabati ya nyumba yake. Asubuhi alipanda lori na godoro lake, akaenda kijijini Kasomeno, na huko yuko mpaka leo, mzee sana, analima mihogo. Hakurudi kuzika mtu wetu hata mmoja.

"Neno moja, mwipwa," alisema. "Neno moja ya docteur. Njo nikaapa, haitatoka tena mu kinywa yangu."

Ninajua hadithi hii inatakiwa inilainishe. Nusu yangu ililainika pale ukutani. Nilimwona kijana wa Kifaransa cha shule, amesimama, sentensi imekatika mdomoni, anaona mabati yanang'olewa. Tangu siku hiyo wajane wangapi walilala salama Katuba kwa ajili yake, sijui. Lakini nusu nyingine ilikuwa inapanga miaka. Daktari alisema angalieni watoto. Wakati ule mama yangu alikuwa msichana. Pengine uvimbe ulikuwa mdogo kama punje ya harage. Pengine haukuwapo bado. Kulikuwa na nusu ya pili ya ile sentensi, ndiyo iliyokuwa na uhai ndani yake, naye aliishika kinywani mwake miaka yote, akasukutua juu yake, akatuimbia, akatupa samaki. Aliogopa neno moja akatupa sentensi nzima. Na kama hakujua neno la kuweka mahali pake, je, mtu yule aliyeweza kumfanya mwenye petroli azibe pua, ndiye alikosa neno?

Nikamwambia aite watu wote nyumbani kwake Jumapili. Nikamwambia asipowaita nitawaita mimi, na nitasema famille kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa Kenya, ng'ambo ya reli. Alinitazama kama mtu anayetazama mbwa wake amemwonyesha meno. Akakubali, kwa sharti moja: aseme yeye. Sauti haipo, nikamwambia. "Nitakunong'onea," akasema, "na we utarudilia. Neno kwa neno. Hautaongeza kintu."

Siku zilizobaki nilitafuta neno. Famille, hapana. Damu, hapana; damu ndiyo wanayosema mchawi anakunywa. Urithi, hapana, kilioni urithi ni ugomvi wa nyumba na viti. Kila neno nililochukua lilikuwa na mtu mwenye petroli nyuma yake. Kila asubuhi nilijipapasa shingo mbele ya kioo, nikapata kitu, nikakipoteza, nikakipata tena.

Jumapili walijaa kwenye kiwanja chake: watoto wake, watoto wa kaka yao aliyekufa, mimi na mdogo wangu. Walikuja na kelele. "Nani amekufa?" mmoja aliuliza. "Hakuna," akajibiwa. "Sasa juu ya nini Porte-parole anasema? Ye hasemaka kama hakuna maiti!" Wakacheka. "Na huyu Licencié amekaa pale kama nani? Kama haut-parleur, ile kipaza sauti?" Wakacheka tena. Binti mwenye mimba alikaa karibu na baba yake, kwenye kiti kizuri, miguu juu ya kigoda.

Msemaji alikunywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akaniinamia sikioni, nami nikarudia.

"Anasema: muniangalie masikio."

Wakamwangalia. Masikio yake yametoka nje kama milango ya teksi iliyo wazi.

"Anasema: sasa muangaliane."

Kicheko kikaanza upande wa wanawake kikazunguka kiwanja kizima, maana wote tulikuwa nayo, yaleyale, mpaka mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. "Anasema: hii tulipewa na Babu. Muniambie, nani alituroga masikio?" Hakuna, wakasema, huku wanavutana masikio. "Anasema: basi kwa njia hiyohiyo ya masikio, Babu alitupa na kitu kingine, hapa shingoni. Si bote. Bamoja banayo, bamoja hapana. Hakuna mwenye alituma. Tantine hakutuma. Docteur atatoa damu kidogo, tutajua nani anayo na nani hana, na mwenye iko nayo atatibiwa mapema."

Kicheko kilikufa, lakini hakuna aliyesimama. Hakuna aliyeuliza jina. Mtoto wa kaka yao mkubwa, mwanamume mzima, alibaki amejishika sikio kama mtu aliyesahau mkono wake.

Na mimi, badala ya kushukuru, niliona giza la hasira. Masikio. Ilimchukua kikombe kimoja cha chai. Masikio hayo alikuwa nayo siku ya kilio cha kaka yake, alikuwa nayo siku ya kilio cha mama yangu.

Binti yake alikuwa hajacheka tangu mwanzo. "Papa," akasema, "hii kintu ulijua tangu lini?"

Msemaji akaniinamia. Nilisikia pumzi yake. "Sema: tangu operasyo."

Wote walikuwa wananitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa sauti. Nilikuwa nimekubali kutoongeza neno. Nikafikiria Tantine, nikafikiria tumbo lile, nikafikiria kwamba nikinyamaza kidogo tu watajua, na nikiendelea kufikiria nitanyamaza mpaka usiku.

"Anasema alijua," nikasema. "Docteur alimwambia siku ya kilio cha yaya yake mukubwa. Kabla haujazaliwa."

Msemaji alirudi nyuma kwenye kiti chake, akanitazama. Sauti aliyokuwa nayo ilitosha kunikana. Binti yake alikuwa hapo hapo, goti kwa goti, kanong'ono kangefika. Hakunikana.

Binti alishusha miguu kutoka kwenye kigoda, mmoja mmoja, akasimama kwa taabu akijishikilia bega langu. Mkono wake ulikuwa umelowa.

"Kesho asubuhi," akasema, "tunaenda bote. Na Papa atakuja. Atamuambia docteur ye mwenyewe, na ile sauti yenye imebakia."